Mkia wa Land Rover

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, kijana anayetoka Mlola, aliniletea rasimu ya insha kuhusu pikipiki za bodaboda zinazotobolewa ekzosi. Ilikuwa insha nzuri, yenye mahojiano ya kutosha, lakini hitimisho lake lilikuwa la kawaida mno: kwamba vijana hutoboa ekzosi kwa sababu ya ukosefu wa elimu, na kwamba elimu ikitolewa tabia hiyo itakoma. Pembeni mwa sentensi hiyo niliandika maneno mawili tu: "Elimu ya nani?" Kijana akaja ofisini, akasimama mlangoni, akasema kwa adabu, "Shikamoo mwalimu. Sijalielewa swali."

Kwa kweli swali lile halikuwa lake. Lilikuwa langu, nimetembea nalo tangu mwaka 1982, na jibu nililompa siku ile lilikuwa fupi kupita kiasi. Nilimwahidi jibu refu. Ndilo hili.

Tuanze na kitu chenyewe, maana sisi wanahistoria tuna tabia ya kuvizungumzia vitu bila kuvishika. Injini huunguza mafuta ndani ya silinda, na kinachobaki baada ya kuungua ni gesi ya moto ambayo lazima itoke ili hewa mpya ipate kuingia. Bomba la moshi ndiyo njia ya kutokea. Kazi yake ya kwanza ni kuipeleka gesi hiyo mbali na watu waliomo ndani ya gari, kwa sababu ndani yake mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Kazi ya pili ni kuiachia injini ipumue: bomba likiwa jembamba mno, au likikunjwa hadi likabonyea, injini hukabwa, likiwa pana mno, gari hupoteza nguvu pale linapopanda mlima taratibu. Kazi ya tatu ni kupunguza kelele, ndiyo maana katikati huwekwa lile tumbo tunaloliita sailensa. Ya nne, kusafisha moshi wenyewe, iliongezwa baadaye sana, na nitaifikia.

Angalia sasa jambo moja. Katika kazi hizo zote, ni ile ya kelele pekee ambayo mpita njia anaweza kuipima kwa hisia zake. Nyingine hazionekani. Hakuna hata moja inayohusu kung'aa.

Nilikulia juu ya barabara itokayo Mombo kwenda Lushoto. Reli ya Usambara kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na kutoka hapo Wajerumani walichonga njia ya kupanda hadi mji waliouita Wilhelmstal, Lushoto ya leo. Ni kilomita 33 hivi, na katika umbali huo gari hupanda takriban mita 1,000. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni korongo, na katikati ni Soni, ambako magari hupumzishwa na abiria hununua maplamu. Dereva aliyezoea Tanga au Korogwe hujifunza upya kuendesha akifika pale. Gari hupanda kwa gia ya kwanza na ya pili, injini ikipiga kelele, mwendo ukiwa mdogo, na moshi ambao kwenye tambarare ungeachwa nyuma na upepo, mlimani hulifuata gari kama mbwa anayemjua mwenyewe.

Kwa hiyo ubovu wa ekzosi ambao Dar es Salaam ungekuwa kero, Usambara ulikuwa hatari. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980 karibu kila ekzosi ilikuwa mbovu.

Wasomaji vijana wanisamehe nikieleza kinachojulikana na wazazi wao. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Mwaka uliofuata tukaingia vitani na Idi Amin, na vita ile tuliilipia wenyewe. Mwaka 1979 bei ya mafuta duniani ikapanda tena, wakati bei ya kahawa ilikuwa imeshaporomoka. Fedha za kigeni zikakauka. Magari ya watu binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana ili kuokoa petroli. Vipuri havikuwepo, au vilikuwepo kwa kibali, na kibali chenyewe kilikuwa kipuri cha aina yake. Ekzosi ya Land Rover huliwa na kutu upesi katika milima yenye ukungu na mvua kama yetu. Ikishaliwa, mwenye gari alikuwa na njia mbili: kuegesha gari au kwenda kwa fundi.

Kwetu palikuwa na mafundi wawili. Majina yao sitayaandika. Mmoja ana wajukuu wanaosoma ukurasa huu.

Wa kwanza tulimwita Babu Fundi. Alikuwa mhunzi, mtu wa mivukuto na makaa, aliyejifunza kazi kwa watu wa Upare. Waliosoma kitabu cha Profesa Isaria Kimambo kuhusu historia ya siasa ya Wapare, kilichotoka mwaka 1969, watakumbuka nafasi ya ukoo wa Washana, wafua chuma ambao bidhaa zao zilivuka mipaka ya milima. Babu Fundi hakuwa Mshana, lakini mikono yake ilitoka katika mkondo huo. Alipoletewa kazi ya ekzosi alitafuta bomba la maji la chuma, akaliziba upande mmoja kwa kigingi cha mti, akalijaza mchanga mkavu kabisa, akaushindilia, kisha akaziba upande wa pili. Ndipo alipolipasha moto hadi likawa jekundu, akalikunja. Mchanga ulizuia bomba lisibonyee kwenye kona. Mchanga ukiwa na unyevu, mvuke hulipasua bomba mikononi mwa fundi, kwa hiyo aliukaanga kwanza juu ya bati, kama mtu anayekaanga karanga. Viungo alivifunga kwa vipande vya bati na waya, kisha akavipaka udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majivu. Kazi yake ilikuwa mbaya kuitazama. Ilifanana na mguu wa mtu aliyefungwa bandeji na jirani.

Wa pili alikuwa kijana, ametoka Tanga, ana mtungi wa kabaidi na anajua kuchomelea kwa gesi. Alikuwa na kitu kingine ambacho Babu Fundi hakuwa nacho: rangi ya fedha. Aliipata wapi wakati ule, sijui hata leo. Sailensa yake aliitengeneza kwa bati la pipa la oili, akalizungusha, akachomelea ufito mmoja ulionyooka kama mstari wa rula, akaisugua kwa msasa na kuipaka rangi ile. Ukiitazama ungedhani imetoka kiwandani Solihull.

Mwaka 1982 kijiji chetu kilikuwa na Land Rover moja, ya petroli, yenye turubai nyuma. Iliwahi kuwa mali ya shamba la chai, ikauzwa ikiwa imechoka. Ilibeba mbolea, viazi, wagonjwa na maiti. Baba yangu alikuwa katibu wa kijiji. Mwezi wa tano mwaka ule ikaja taarifa kwamba kijiji kitapokea mgeni mkubwa, na msomaji Mtanzania hahitaji kuambiwa kilichofuata. Mawe ya kando ya njia yakapakwa chokaa. Shule ikapigwa rangi upande unaotazama barabara. Na ikaamuliwa katika kikao, mihutasari ikaandikwa kwa mwandiko wa baba, kwamba gari la kijiji litengenezwe ekzosi mpya, na kwamba kazi hiyo apewe fundi kijana, "ili ipendeze".

Fundi kijana aliifanya kazi kwa siku mbili. Lakini bati na bomba vilikuwa haba, akatumia alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho kiliishia kabla ya gurudumu la nyuma. Akaufunga mwisho kwa mdomo mzuri uliochongwa kwa mshazari, akaugeuza kidogo upande, ukaonekana kana kwamba ulikusudiwa kuishia hapo. Mgeni alikuja. Gari lilisimama kwenye mstari likiwa limeoshwa. Inawezekana aliiona ekzosi yetu, inawezekana hakuiona. Alikaa dakika kama arobaini akaondoka.

Siku nne baadaye Land Rover ilipeleka wagonjwa hospitali. Nilikuwemo kwa sababu mdogo wangu wa kike, mwenye miaka sita, alikuwa na jipu sikioni, na mama alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, kwa hiyo mimi ndiye niliyempakata. Mvua ya masika ilikuwa inanyesha na turubai lilikuwa limefungwa pande zote isipokuwa nyuma. Tulikuwa tisa. Gari likipanda kwa gia ya kwanza, nilihisi kichwa kinagonga. Mdogo wangu alitapika, kisha akalala. Mzee mmoja akasema ni kona, watoto hawazoei kona. Sote tulikubali, maana sote tulikuwa tunaumwa kichwa, na mtu anayeumwa kichwa hukubali upesi. Mbele yetu alilazwa bibi mmoja aliyekuwa na ugonjwa wa moyo. Naye alikuwa amelala.

Tulipofika, mganga aliyetupokea, mtu mzima aliyewahi kuwa jeshini, hakumtazama mdogo wangu kwanza. Aliwatazama wote tisa tunavyoshuka. Akauliza, "Mmekuja na gari gani?" Akaenda nyuma ya Land Rover, akainama, akarudi akatuambia tukae nje, mvuani, chini ya ukingo wa paa, tuvute hewa. Mdogo wangu aliamka baada ya kama nusu saa, akalia, nikashukuru kumsikia akilia. Bibi yule alifariki usiku wa siku ya pili. Alikuwa mgonjwa kabla ya kupanda gari. Familia yake haikuuliza chochote, na baba yangu, ambaye alielezwa na mganga kwa maneno ya wazi, hakwenda kuwaambia. Nimeandika vitabu viwili vya historia ya nchi hii, na sentensi hiyo ya mwisho imenichukua muda mrefu kuliko vyote viwili.

Kilichotokea ni rahisi kukieleza. Gari linapokwenda huacha nyuma yake uwazi wenye hewa hafifu, na hewa ya pembeni huvutwa kuujaza. Gari lililofungwa turubai mbele na pembeni, likaachwa wazi nyuma, hunyonya kila kilicho chini ya tumbo lake. Ndiyo sababu bomba la moshi lazima lipite mwisho kabisa wa bodi. Bomba letu liliishia chini ya miguu yetu.

Baba alilipeleka gari kwa Babu Fundi. Mzee hakuigusa ile kazi nzuri. Alisema uchomeleaji wenyewe hauna kosa, hewa haivuji popote, kijana ni fundi. Alichofanya ni kuunganisha kipande cha bomba la maji, chenye kutu na nyuzi za skrubu bado zikionekana, kikapita chini ya gurudumu na kutokeza nyuma ya gari kiasi cha mkono mzima. Kilining'inizwa kwa mnyororo wa baiskeli. Watoto tulicheka, tukakiita mkia. Land Rover ile ilitembea na mkia wake hadi ilipokufa injini, miaka sita baadaye, na hakuna aliyesinzia tena ndani yake.

Ningeweza kuishia hapo nikawaambia kwamba wazee walijali kazi na vijana walijali sura. Isingekuwa kweli. Fundi kijana hakuwa mpumbavu. Alijua bomba ni fupi na alimwambia mwenyekiti. Aliambiwa bomba lingine litatafutwa baada ya ugeni. Waliochagua sura walikuwa wateja wake, yaani sisi, na walikuwa na sababu: katika mfumo wa ukaguzi wa wakati ule, kijiji kilipimwa kwa kinachoonekana kutoka barabarani.

Na hapo, kwa watu wa Lushoto, kuna historia ndefu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ya Uingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, kisha ukapanuliwa kuwa mpango wa Usambara yote. Kila mkulima alitakiwa kuchimba matuta kwenye mteremko wa shamba lake, na asiyechimba alitozwa faini. Wanawake, ambao ndio waliolima, walisema kazi ni nyingi na mazao kwenye matuta ni haba. Steven Feierman ameeleza kwa kina jinsi upinzani huo ulivyokua katika miaka ya 1950 na jinsi TANU ilivyopata nguvu kutokana nao, hadi mpango wenyewe ukasambaratika. Mimi nataka kuongeza neno moja dogo. Tuta lina sifa moja inayompendeza afisa kuliko mavuno: linahesabika kutoka ndani ya gari. Afisa akipita barabara ya Soni anaweza kuandika kwenye daftari kwamba kilima hiki kina matuta na kile hakina. Udongo ulivyo chini ya tuta, au mgongo wa mama aliyelichimba, havionekani kutoka pale. Wakoloni waliondoka, lile dirisha la gari tulilirithi.

Nisidhaniwe kwamba ni ugonjwa wetu peke yetu. Ndugu wawili Wamarekani, Milton na Marshall Reeves, walipata hataza ya sailensa mwaka 1897, na haukupita muda mrefu kabla ya madereva kuanza kufunga wenzo wa kuikwepa, ili moshi utoke moja kwa moja kwa kishindo. Walisema wanaongeza nguvu. Majirani waliamini wanatafuta kutazamwa, na miji kadhaa ikapiga marufuku. Katika miaka ya 1930 gari la kifahari la Duesenberg lenye mashine ya kusukuma hewa kwenye injini lilikuwa na mabomba ya kung'aa yaliyotokeza ubavuni mwa boneti. Matajiri ambao magari yao hayakuwa na mashine hiyo wakaagiza wafungiwe mabomba yaleyale. Siku hizi magari mengi mapya ya Ulaya huja na midomo miwili mizuri ya ekzosi kwenye bampa la nyuma isiyounganishwa na chochote. Bomba halisi limeinamishwa chini, limefichwa. Kiwanda kimemtambua mteja wake.

Hapa kwetu Afrika Mashariki tulikuwa na mvutano huohuo katika ngazi ya taifa. Mwaka 1986 Rais Moi aliwataka wataalamu wa Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi kikiwa mstari wa mbele, watengeneze gari la nchi, na mwaka 1990 magari ya majaribio yaliyoitwa Nyayo Pioneer yalionyeshwa kwa fahari uwanjani Kasarani. Shirika likaundwa la kuyazalisha. Hayakuzalishwa. Mara nyingi tunacheka habari ile, na mimi naona kicheko hicho si cha haki kwa mafundi: waliombwa kitu cha kuonyesha, wakatoa kitu cha kuonyesha. Upande wetu jeshi lilianzisha kazi kule Kibaha na kuipa jina la Nyumbu. Hakuna mtu aliyewahi kumpa gari jina la nyumbu kwa ajili ya uzuri. Lilikuwa lori la kubeba mzigo kwenye njia mbaya, na waliolibuni walianza na mzigo na njia. Nalo halikufika sokoni kwa wingi, kwa sababu za fedha na sera zinazohitaji makala yake, lakini ukilinganisha maswali mawili yaliyoulizwa mwanzoni, Kasarani na Kibaha, unaona njia panda ambayo kijiji chetu kilikuwa kimefika nayo mwaka 1982.

Kuanzia bajeti ya mwaka 1984 biashara ililegezwa. Wenye fedha zao nje waliruhusiwa kuingiza bidhaa, na baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, wakati wa Rais Mwinyi, mlango ukazidi kufunguka. Magari yaliyotumika Japani yakaanza kushuka bandarini. Mengi yalikuja na ile kazi ya nne niliyoitaja: ndani ya ekzosi mlikuwa na kichujio cha kauri chenye vitundu kama sega la nyuki, kilichopakwa platinamu na madini ndugu zake, cha kugeuza sumu kuwa gesi zisizo na madhara makubwa. Mafundi wetu walikipa jina linalokifaa kuliko lile la Kizungu: masega. Marekani ilianza kuyafunga kwa wingi katika magari ya mwaka 1975.

Lakini masega hufa yakipitishiwa risasi, na petroli yetu ilikuwa na risasi. Azimio la Dakar la Juni 2001 ndilo lililoziwekea nchi za Afrika Kusini mwa Sahara lengo la kuachana na petroli hiyo, na kufikia Januari 2006 ilikuwa imeondolewa. Fikiria basi miaka yote ile ya 1990. Gari limeingia na masega, nyaraka zinaonyesha ni gari safi, na baada ya kujaza tangi mara kadhaa kile kichujio ni jiwe tu. Hapo hakuna fundi wa mtaani wa kulaumiwa. Lilikuwa pambo lililofungwa na sera.

Kisha petroli ikasafishwa, na masega, ambayo sasa yangeweza kufanya kazi, yakaanza kung'olewa. Leo mnunuzi atalipa fedha nzuri kwa masega ya gari dogo la Kijapani kwa ajili ya madini yaliyomo. Fundi hukata ganda, hutoa sega, huchomelea ganda tena. Kutoka nje hakuna tofauti. Nimeona kazi hiyo ikifanywa kwa ustadi ambao fundi kijana wa mwaka 1982 angeuonea wivu: ufito mmoja, umenyooka, umesuguliwa. Mkaguzi akiinama ataliona ganda mahali pake, atatia alama. Mwenye gari naye mara nyingi hajui kilichotoka. Ameambiwa tu kwamba gari "litakuwa jepesi".

Na kwa wale wanaodhani dawa ni mitambo ya kisasa ya kupima moshi, nawakumbusha Septemba 2015. Volkswagen ilibainika kuwa imeweka katika magari yake ya dizeli programu iliyotambua kwamba gari linapimwa. Kwenye kipimo moshi ulikuwa safi. Barabarani baadhi ya magari yalitoa oksidi za naitrojeni hadi mara 40 ya kiwango cha Marekani. Kampuni ilikiri kwamba magari yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa nayo. Wahandisi wale hawakukosa elimu.

Basi turudi kwa kijana wangu wa Mlola na bodaboda zake. Katika mahojiano yake mwenyewe, ambayo aliyaweka kwenye kiambatisho na kuyasahau, dereva mmoja anayefanya kazi kati ya Lushoto na Magamba alimwambia kwamba alitoboa ekzosi baada ya kunusurika na Fuso ya kabichi kwenye kona isiyoona. Anataka asikike kabla hajaonekana. Mwingine alisema wazi kwamba anapenda tu mlio. Hawa ni watu wawili wenye sababu mbili, na kanuni inayowafunika wote kwa neno "ukosefu wa elimu" haitamsaidia yeyote. Wa kwanza anahitaji vioo vya kona na alama barabarani, na honi inayofanya kazi. Nikiwa mtoto, nasi tulilitambua kila gari kwa mlio wake kabla halijapinda, tukasogea ukingoni. Wa pili anahitaji kuambiwa na majirani zake, na kutozwa faini. Kelele ya wote wawili itasikiwa na kila mtu na itakamatwa. Tundu lililo juu ya sailensa ya basi dogo lililojaa watoto wa shule, linalopuliza kimya kupitia sakafu iliyooza, halisikiki kwa mtu.

Watumishi wa umma wanaonisoma huniuliza niache falsafa niseme cha kufanya. Mimi si fundi, lakini Babu Fundi alinionyesha jambo moja alipomaliza ule mkia. Alimwambia dereva awashe injini iungurume taratibu, akachukua tambara lililoloweshwa maji, akalikunja na kuziba mdomo wa bomba kwa kiganja. Akasikiliza. Bomba likiwa zima, alisema, injini itaanza kukabwa na tambara litakusukuma mkono. Likiwa na tundu mahali, injini itaendelea kunguruma bila wasiwasi na utasikia mluzi huko chini. Haikuchukua dakika moja. Injini ilipokaribia kuzima alitoa tambara, akanipa nilishike, lilikuwa la moto, akaenda nyuma ya gari kupima kwa shubiri ni umbali gani mkia umeipita bodi.

Nimepanda magari ya abiria ya nchi hii kwa zaidi ya miaka arobaini, mengi yakiwa na stika kwenye kioo. Sijawahi kumwona mkaguzi ameshika tambara.